Da Hong Pao inanuka mkaa? Usiitupe, mkuu

Mkuu, umesema shemeji yako kakuletea boksi la chai ya Da Hong Pao kutoka China, ukatia kijiko kimoja kwenye sufuria, ukaichemsha dakika kumi na tangawizi, ukaambulia maji machungu yanayonuka mkaa. Kosa hilohilo nililifanya nikiwa masomoni Xiamen, hukohuko China, tena mbele ya mwenye nyumba wangu, mzee ambaye chai nyingine alikuwa haigusi. Hakusema neno. Aliinuka, akaimwaga sufuria yangu kwenye sinki, akateleka maji upya.

Harufu ya moto ni haki yake. Hiyo ni ulongi, chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi, ya Wuyishan, kaskazini mwa mkoa wa Fujian, ambako michai huota katikati ya majabali, ndiyo maana wenyewe huiita yancha, chai ya mwamba. Majani yakishachumwa hunyaushwa, halafu hutikiswa kwenye nyungo za mianzi, yakapumzishwa, yakatikiswa tena, usiku kucha, mpaka kingo zichubuke na kuwa nyekundu huku katikati pakiwa bado kijani. Hapo hupitishwa kwenye moto mkali yasiendelee kugeuka, yakasokotwa. Kisha ndiyo huja makaa: vikapu vya mianzi juu ya mkaa uliofukiwa kwenye majivu, saa nyingi, na si mara moja. Kati ya moto mmoja na mwingine chai hupumzishwa kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo chai iliyotoka motoni juzi lazima inuke mkaa. Ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, miezi kadhaa, moto utatulia. Mzee wangu chai ya mwaka huu alikuwa anaifungua mwakani.

Sasa kupika, au tuseme kumimina, maana hakuna kupika. Sisi tumezoea majani kidogo, maji mengi, muda mrefu. Hapa vyote vitatu vigeuze. Gaiwani, yaani kibakuli chenye mfuniko, cha mililita 100 au 110. Majani gramu 8. Vipakiti vingi vinakuja vimepimwa karibu hivyo, kwa hiyo mimina chote na usione uchungu. Maji yawe yanatokota. Wanaokuambia nyuzi 80 wanazungumzia chai ya kijani. Mimina, mwaga hayo ya kwanza ya kusuuza, mimina tena, hesabu sekunde 5 hadi 8, kisha toa yote, lisibaki tone. Majani hayohayo yatakupa raundi saba au nane, ukiongeza sekunde kidogo kidogo. Huna gaiwani? Bakuli dogo na kisosi cha kufunikia vinatosha. Vidole utaviunguza siku za mwanzo. Usijaze maji mpaka ukingoni na ushike hapo juu tu.

Raundi mbili za mwanzo bado ni harufu ya moto. Ya tatu ndipo chai inapojitokeza. Kati ya chai hizi za mwamba, aina ya Rougui hutoa mdalasini wa wazi, Shuixian ni laini, ina harufu ya mbao na msitu wenye unyevu. Ukishameza subiri kidogo: utamu unapanda kutoka kooni. Huo wanauita huigan. Na kuna ile ladha ya mwamba wenyewe, ambayo nikikufananishia ni maji ya mtungi wa udongo. Ndiyo maana sukari na tangawizi hapana, vinafunika kila kitu.

Kuhusu bei, usidanganyike. Ile michai mama sita, asili ya Da Hong Pao, ya kwenye jabali la Jiulongke huko Wuyishan haichumwi tena tangu 2006, hivyo anayekuuzia "ya mti mama" anakuuzia hadithi. Da Hong Pao nyingi ya madukani ni mchanganyiko, mara nyingi Rougui na Shuixian, na si kasoro. Mimi mwenyewe niliwahi kupigwa duka moja kwa jina la niurou. Maana yake nyama ya ng'ombe, lakini ni utani wa kufupisha Rougui ya bonde la Niulankeng. Nilipomaliza kunywa nikamwaga majani kwenye sahani: meusi, magumu, hayakufunguka hata moja. Yalikuwa yameunguzwa makusudi kuficha ubovu. Majani mazima hukunjuka yakilowa, na ukiyabonyeza ni laini.

Ya kwako yamwage kwenye sahani uyatazame hivyohivyo, halafu soma tarehe chini ya boksi utuambie ni ya mwaka gani.