Dakika tatu za kwanza za stendapu

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi kuandika stendapu, yaani vichekesho vya kusimama peke yako mbele ya watu, ukiwa hapo Moshi. Anza na dakika tatu tu, kama maneno 300, maana vicheko navyo vinakula muda.

Kila kichekesho kina sehemu mbili: maelezo yanayompeleka msikilizaji upande mmoja, kisha neno linalomgeuza. Neno hilo likae mwisho kabisa. Mfano: "Desemba mjomba kaja na gari kali, ukoo mzima tumepiga nalo picha. Tarehe mbili Januari kaniomba nauli." Ukisema "kaniomba nauli tarehe mbili Januari", umeshaharibu: watu wanacheka kwenye nauli huku wewe bado unaongea, wananyamaza wakusikilize, kicheko kinakufa. Hapa ndipo wengi wanaoanza hukwama, wanadhani kichekesho ni kibovu kumbe mpangilio ndio mbovu.

Utani wa Mchaga na pesa uache kwanza, kila MC wa sendoff ameshausema. Andika kinachokuudhi au kukuaibisha wewe: kikao cha michango, mwenye nyumba, konda anayesema "bado mmoja" wakati hiace imeshajaa.

Jirekodi kwa simu ukisema kwa sauti. Sentensi mbili zikipita bila kichekesho, kata moja. Mahali pa kujaribia, kwepa baa yenye mpira kwenye TV na ukumbi ambao watu wanakula. Hata mzoefu hupata kicheko kwa shida hapo. Watu kumi na tano waliokaa karibu karibu wanatosha kabisa.