Stata inagoma injini ikiwa ya moto: ninunue nyingine?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina gari la petroli la mwaka 1996, gia otomatiki. Asubuhi linawaka bila shida. Nikishaliendesha, nikazima na kurudi baada ya muda mfupi, wakati mwingine stata inalia "tak" moja tu, wakati mwingine iko kimya kabisa. Nikiacha lipoe, linawaka. Betri ni mpya na vichwa vyake nimevisafisha. Fundi wangu anasema stata imekwisha, lakini kila nikimpelekea gari linawaka vizuri. Ninunue?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bado. Stata nyingi nzima hutupwa kwa dalili hizi hizi, na ubaya ni kwamba mpya nayo huonekana kama imeponya, kisha tatizo linarudi.

Sababu ni hii. Ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata inayovutwa na umeme wa funguo, kuna koili ya shaba, na shaba ikipata joto huzidi kuupinga umeme, takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Joto likipanda digrii 60, upinzani unaongezeka karibu robo. Sasa kama umeme unaotoka kwenye swichi ya funguo umeshapungua njiani kwa sababu ya swichi iliyolika au soketi yenye kutu, asubuhi unatosha kuivuta solenoidi. Injini ikiwa ya moto hautoshi. Stata mpya huvuta kwa wepesi zaidi, ndiyo maana ugonjwa hujificha kwa muda.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: gari linapogoma, umeme wa funguo unafika kwenye stata au haufiki? Fundi hawezi kulijibu wakati gari linawaka vizuri, wewe uliye nalo safarini unaweza. Mwambie aunge waya mwembamba pale waya mdogo wa funguo unapoingia kwenye solenoidi, aweke fyuzi ndogo karibu na hapo, aupitishe mbali na ekzosi hadi ndani ya gari, na mwisho wake afunge taa ndogo ya volti 12 yenye hasi kwenye bodi. Kisha endelea na safari zako.

Siku litakapogoma, shikilia funguo kwenye kuwasha na uitazame taa. Ikiwaka kwa nguvu zote na injini haizunguki, umeme wa funguo umefika; kosa liko kwenye stata au nyaya zake nene. Ikiwa hafifu au haiwaki kabisa, stata usiiguse. Kanyaga breki, peleka gia kwenye N, jaribu tena. Likiwaka, shuku swichi ya gia, ile inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye D. Lisipowaka, fuata rilei (swichi ndogo ya umeme inayopokea amri ya funguo) kama gari lako linayo, kisha swichi ya funguo.

Tuseme taa imewaka vizuri. Hapo multimita, kile kipimo cha volti, inatosha. Weka ncha moja juu ya nguzo yenyewe ya chanya ya betri, siyo kwenye kibano, nyingine kwenye boliti ya waya mnene wa stata, mwenzako apige stata. Injini ikizunguka, usomaji ukipita volti 0.5, waya huo au maungio yake yanakula umeme. Fanya hivyo upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi bodi ya stata. Hapo nisingekubali zaidi ya 0.3. Waya wa hasi unaofunga injini na bodi husahaulika sana kwenye magari ya umri huu, na kutu hukaa chini ya boliti usipoiona.

Nyaya zikiwa safi na bado unapata "tak" tupu, fungua stata. Mara nyingi utakuta vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika upande mmoja, au kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimefupika. Kuigonga stata kidogo ikawaka huelekeza kwenye kaboni, ila hiyo ni njia ya kufika nyumbani tu. Kwa stata nyingi, vipande hivyo na kaboni huuzwa peke yake, hivyo ulizia kabla ya kununua stata nzima.

Na tafadhali, asiruhusiwe mtu kuiwasha stata kwa kugusanisha bisibisi chini ya boneti. Njia hiyo huiruka swichi ya gia, na gari likiwa kwenye D litamwendea aliyesimama mbele yake.