Haki ya Kusema Ndani ya Maduka ya Watu Binafsi

Swali: Mhariri, mwanangu aishiye California aliwakuta vijana wakikusanya saini ndani ya jengo la maduka la mtu binafsi, na walinzi hawakuwafukuza. Je, sheria inaruhusu?

Jibu: Katiba ya Marekani huizuia serikali, wala si mwenye jengo, kuwanyamazisha watu, ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1972. Katiba ya California, hata hivyo, ni pana zaidi: wanafunzi waliofukuzwa katika maduka ya Pruneyard, mjini Campbell, walishinda kesi jimboni mwaka 1979, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakubali kwamba jimbo laweza kutoa haki hiyo bila kumpora mwenye mali. Mwenye jengo bado hupanga saa na mahali. Majimbo mengi, kwa woga nionavyo mimi, yamekataa kuifuata California.