Nyimbo za kwaya zinakataliwa na tovuti

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa kwaya hapa Tukuyu, mkoani Mbeya. Nyimbo tulizorekodi studio, zilizo katika mfumo wa WAV, hazipandi kwenye tovuti yetu: upakiaji hufika mwisho, kisha hutokea ujumbe wa kushindwa, ingawa picha hupanda vizuri. Je, tatizo ni mtandao wa huku milimani?

JIBU: Ndugu katibu, sidhani. Mtandao dhaifu kwa kawaida hukata upakiaji njiani, leo hapa, kesho pale. Faili linalofika mwisho ndipo likataliwe, ilhali picha zinapita, mara nyingi limekataliwa na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwa sababu ya ukubwa au aina yake. WAV yenye ubora wa CD huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 5 hukaribia megabaiti 50, wakati seva inayotumia PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, isiporekebishwa, hupokea faili lisilozidi megabaiti 2. Geuzeni nyimbo ziwe MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa programu ya bure kama Audacity, nazo zitashuka hadi megabaiti 5 hivi; bado fundi wenu atalazimika kuongeza upload_max_filesize, mpangilio wa PHP unaoweka kikomo cha ukubwa wa faili, na kuhakikisha kwamba post_max_size, kikomo cha data yote inayotumwa kwa mara moja, inaizidi hiyo ya kwanza. Kubadilisha jina tu kutoka .wav kuwa .mp3, jambo ambalo wengi hulijaribu, hakugeuzi kilichomo ndani. Mkikataliwa tena, someni namba ya kosa: 413 huonyesha kwamba faili ni kubwa mno, na 415 kwamba aina yake haikubaliki.