Usitupe bado, tumia kwanza ulicho nacho

Nimekuelewa: unataka kuondoa mifuko, vyombo vya plastiki na friji linalofanya kazi ili ununue bidhaa "rafiki wa mazingira". Nia ni njema, lakini anza kwa kutonunua. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza (2011) ulionyesha kuwa mfuko wa pamba hutakiwa kutumika mara 131 ndipo athari yake kwa tabianchi ilingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Mfuko bora ni ule ulio nao tayari.

Friji: bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka kwa urahisi, mpira wa mlango haubani. Usafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ikishindikana, badilisha mpira tu. Chomoa umeme, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi laini, maana vumbi huzuia joto kutoka na kompresa (pampu ya friji) huzunguka muda mrefu zaidi. Weka nyuzi 4, friza −18. Gesi ikivuja usiguse, mwite fundi mwenye kifaa cha kuikusanya: R-134a, gesi ya baadhi ya friji, hupasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule.

Vyombo vya plastiki vihifadhie vitu vikavu. Usipashie chakula ndani yake.

Cha kubadilisha leo ni balbu za waya: balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa ile ya wati 60.

Kingine chochote unachotamani, kiandike, usubiri siku 30.