Sili ya krenki inavuja tena

Ndugu, kama sili ya mbele ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapochomoza) umeshaibadilisha na oili bado inadondoka, usikimbilie kununua nyingine. Anza na vali ya PCV, ile inayopumulisha injini: ikiziba, presha hujaa ndani ya injini na kusukuma oili nje hata sili ikiwa mpya kabisa. Hiyo wengi huisahau.

Ukishatoa puli na sili, pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa unagusa chuma. Ukucha ukikwama, chuma kimelika na kufanya mfereji. Iweke sili mpya milimita 1 au 2 kando ya mfereji huo, au vika shafti bushi nyembamba ya kurekebishia, inayofunika palipolika. Paka mdomo wa sili mpya oili safi, kisha igonge taratibu kuzunguka. Na tafadhali, usichokonoe sili ya zamani kwa bisibisi ovyo, utakwaruza shafti.