Orange Pi PC kimya baada ya kunakili U-Boot

Ndugu, kompyuta yako ndogo ya Orange Pi PC haijafa. Umesema umeburuta faili la U-Boot (programu inayoiwasha kompyuta) ukaliweka kwenye kadi ya SD kama unavyoweka picha, ndiyo maana iko kimya. Chipu yake kuu, H3, haijui mafaili wala mafolda inapowaka. Inasoma kadi moja kwa moja kuanzia kilobaiti ya 8.

Kwa hiyo liandike pale pale:

sudo dd if=u-boot-sunxi-with-spl.bin of=/dev/sdX bs=1024 seek=8

Tafadhali hakiki kwanza kwa lsblk (amri inayoorodhesha diski) kwamba sdX ni kadi kweli; X ni herufi yake. Ukikosea herufi unaharibu diski ya laptopu, na hapo hakuna msamaha. Kadi iwe na jedwali la sehemu za diski la aina ya MBR, maana la GPT linakalia eneo hilohilo. Faili lenyewe lijengwe kwa orangepi_pc_defconfig (mipangilio ya bodi hii).

Halafu tafuta kebo ya siria ya volti 3.3 (ya 5 inaweza kuunguza pini), kasi 115200, usome ujumbe wa bodi kwenye laptopu. Ukiona maneno "U-Boot SPL" (hatua ya kwanza ya U-Boot), umefika. Ikikwama baada ya hapo, huenda tatizo limehamia kwenye kerneli (kiini cha Linux) au boot.scr (hati ya kuiwasha), tuwekee mistari inayotokea hapa tuione.